Nani Ameshika Wembe?

Fungua kamusi ya zamani, ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, utafute neno nembo. Hutakuta ngao yenye mwenge, wala picha ya twiga, wala herufi za kampuni. Utakuta ngozi ya mtu: alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Neno limehama. Limetoka usoni mwa binadamu likaenda kukaa kwenye barua za serikali, jezi za mpira na kofia ngumu za wafanyakazi wa mgodini. Siku hizi ukimwambia kijana wa Segese kwamba babu wa babu yake alikuwa na nembo, atakuuliza: ya kampuni gani?

Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Halmashauri hiyohiyo ndiyo yenye mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, na ukizidi kusonga unaingia Geita, dhahabu juu ya dhahabu. Ni nchi ya Wasumbwa, Wasukuma na Wanyamwezi, na tangu dhahabu ianze kuwaita watu, ni nchi ya kila mtu. Nimeichagua kwa sababu huku habari ya kuukata mwili haijawahi kuwa jambo la makumbusho. Huwa tunaandika kuhusu chale na ndonya kana kwamba ni vitu vya mabibi wa Kimakonde kwenye picha nyeusi na nyeupe, basi, yameisha. Hayajaisha. Na kila ninaposoma historia ya ukanda huu naona ubishi uleule ukirudi. Watu hawakubishana sana kama mwili ukatwe au usikatwe. Walibishana nani ashike wembe, na amkate nani.

Tuanze na Burton, kwa sababu hatuna namna ya kumkwepa. Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, na kitabu chake cha 1860 kimejaa dharau ambayo msomaji wa leo inabidi aimeze kama kwinini. Lakini jamaa alikuwa na jicho. Anaeleza kwamba Wanyamwezi walikuwa na mistari miwili ya chale ndogondogo kila upande wa uso, kutoka ncha ya nyusi hadi katikati ya shavu au mpaka kwenye taya, na wengine waliongeza mistari ya kushuka kwenye paji la uso hadi juu ya pua. Wanaume walipenda rangi nyeusi ya mkaa, wanawake rangi ya buluu. Meno mawili ya mbele ya juu yalichongwa pembe za ndani ili yaache upenyo wa pembetatu, wanawake waking'olewa na meno ya chini ya katikati. Ndele za masikio zikapanuliwa, kwa wanaume na wanawake.

Katikati ya maelezo hayo ametupia jambo moja dogo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mistari yenyewe: chale hizo mtu alichanjwa na rafiki yake. Hakumtaja kuhani, wala chifu, wala ngariba mwenye cheo. Rafiki, na kisu au wembe. Kinyozi hajinyoi, na uso wako huwezi kuuchanja mwenyewe ukapata mistari iliyonyooka, kwa hiyo lazima umwamini mtu. Ukimtazama Mnyamwezi wa wakati huo ulikuwa unatazama kazi ya mkono wa mwenzake.

Na uso huo ulisafiri. Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa wapagazi na wafanyabiashara wa masafa ambayo leo basi linayakimbia siku nzima na zaidi. Msiri, aliyejenga ufalme wake Katanga hadi alipouawa Desemba 1891, alitokea upande huu, na watu wake waliobaki huko Kongo wanaitwa Bayeke hadi sasa. Kwenye msafara wa mamia ya watu, nembo ilikuwa kitambulisho ambacho huwezi kukisahau kambini.

Basi kwa nini ilipotea? Jibu la haraka ni wamisionari na shule, na si la uongo. Lakini nadhani pwani ilitangulia. Mpagazi akifika Bagamoyo na mistari yake usoni alikuwa ameshajulikana kabla hajafungua mdomo: mtu wa bara, mshenzi. Nembo iliyomfanya nduguyo akujue ilimfanya na anayekudharau akujue. Halafu ukaja ukoloni na karatasi zake, orodha ya kodi, kipande cha kazi, cheti cha ubatizo. Serikali haikuhitaji tena kusoma shavu la mtu. Wazazi wakaacha kuwachanja watoto usoni, na haikuhitajika hata amri kubwa. Uso ukasafishwa kimyakimya, na lile neno nembo likabaki bila kazi mpaka kampuni na wizara zilipoliokota.

(Kwa wanaopenda masimulizi ya meno: Sidi Mubarak Bombay, aliyeongozana na Speke kwenda kuliona ziwa mwaka 1858, alikuwa na pengo kubwa katika meno ya juu. Stanley anaeleza mwaka 1872 kwamba halikuwa pengo la mila. Ni ngumi ya Speke mwenyewe, aliyekasirika wakiwa Uganda. Hao ndio waliotuandikia kwamba Mwafrika anajiharibu meno.)

Kilichobaki baada ya uso kusafishwa ni chale za mahali penye nguo, au ndogo kiasi cha kutoonekana: kifundo cha mkono, kifuani, mgongoni, utosini kwa mtoto. Hizi hazikuwa za urembo wala za kabila. Zilikuwa mlango wa dawa, ile ambayo Wasukuma wanaiita bugota. Unachanjwa, damu inachungulia, unasuguliwa unga mweusi, kovu linajifunga juu yake. Dawa haikunyweka ikatoka. Imebaki ndani.

Hapa ndipo pananoga, na hapa ndipo naomba msomaji asiwe na haraka.

Mwaka 1935 Mmarekani F. G. Carnochan, akishirikiana na Hans Christian Adamson, alitoa kitabu kinachoitwa The Empire of the Snakes. Kinahusu chama cha siri cha watu wa nyoka katika Unyamwezi na kiongozi wao, Kalola. Kama fasihi, kimekaa kama filamu ya matineeni: mzungu jasiri, mzee mwenye hekima, usiku wa mwezi. Usikiamini kila ukurasa. Lakini katikati yake kuna lukago, dawa ambayo wanachama walichanjwa nayo ili nyoka wasiwadhuru, ikiwa na sumu ya nyoka ndani yake. Miaka kumi na moja baadaye, 1946, Hans Cory, Mwaustria aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika kuchunguza mila, akachapisha makala kuhusu Buyeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Cory si mtu wa mbwembwe. Anaandika kama karani, na kwa sababu hiyo anaaminika zaidi. Naye anakuta mambo ya jamii hiyohiyo: kufunzwa, kula kiapo, kujifunza majani na mizizi, na kuchanjwa.

Bayeye wapo hadi leo. Utawaona kwenye ngoma za mavuno wakicheza na chatu au swila, na kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950.

Sasa fikiria wazo lenyewe, ukiachilia mbali ngoma na kiapo. Unachukua kidogo kile kinachoua, unakiingiza kwenye ngozi kupitia mkato mdogo, ili mwili ujifunze. Wazo hilo lina jina katika lugha yetu, na ni jina lilelile la chale: kuchanja. Chanjo. Waswahili walipoletewa sindano ya ndui hawakutafuta neno jipya, kwa sababu walilifahamu jambo lenyewe. Na si sisi peke yetu. Mwaka 1721, ndui ilipoingia Boston, mhubiri Cotton Mather alikuwa ameshaelezwa namna ya kujikinga na Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, Onesimus, ambaye alichanjwa kwao kabla ya kuuzwa. Jenner alikuja baadaye sana, 1796. Miaka ya 1890 Albert Calmette wa Taasisi ya Pasteur akaanza kutengeneza dawa ya sumu ya nyoka kwa kuwadunga wanyama. Na kuna Bill Haast, mfuga nyoka wa Florida, aliyeanza kujidunga sumu mwaka 1948, akafa mwaka 2011 akiwa na miaka 100. Haast aliitwa mtu wa ajabu, damu yake wakaongezewa walioumwa na nyoka. Mzee wa Kibayeye aliitwa mchawi.

Sisemi lukago inafanya kazi. Ukiumwa na swila nenda hospitali, tena mbio. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeitwa mshirikina alikuwa amesimama kwenye swali lilelile alilosimama daktari, na wote wawili walikuwa na wembe mkononi.

Tena si nyoka tu. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, vyama viwili ambavyo ushindani wao umelipa Usukuma muziki wake mkubwa, nao wana dawa za kuvuta watu, samba. Umati ukiwahama wenzako ukaja kwako, kuna mganga wako anayechekelea pembeni. Mtu wa mpira atanielewa vizuri: kila timu ya nchi hii ina kamati ya ufundi, na sote tunajua si ufundi wa kupiga kona.

Mwaka 1982, wizi wa ng'ombe ulipowashinda polisi, sungusungu walianza katika vijiji vya Kahama na Nzega, wakiwa na pinde, filimbi, na dawa za kinga kutoka kwa waganga wao. Viongozi wa taifa waliwasifia. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwapa mamlaka ya kukamata. Tazama hapo: serikali ile iliyokuwa ikihubiri kuachana na ushirikina iliwapa mamlaka ya kisheria watu waliokwenda doria na dawa ya mganga. Wembe haukuwa tatizo ulipokuwa upande wake.

Halafu dhahabu. Bulyanhulu ilijaa maelfu ya wachimbaji wadogo mpaka walipoondolewa Agosti 1996. Mgodi wa kampuni ulianza uzalishaji 2001, Geita ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla. Wachimbaji hawakuyeyuka. Walitawanyika kwenye maduara, Msalala na Geita nzima, na hadi leo wakisikia pametoka dhahabu mahali wanahama usiku huohuo. Kazi ya duara ni kamari yenye jembe. Watu wawili wanachimba mita chache kati yao, mmoja anaugusa mwamba wenye dhahabu, mwingine anatoa kifusi miezi sita na kuondoka na madeni. Hakuna hesabu inayoeleza. Kwa hiyo mwenye duara anakwenda kwa mganga, kama mkulima alivyokwenda, kama mcheza ngoma alivyokwenda. Anachanjwa. Anarudi na vijistari vitatu juu ya kifundo cha mkono na masharti ya kufuata.

Mpaka hapo ni ngozi yake mwenyewe.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 zikaanza kusikika habari za mauaji ya watu wenye ualbino, nyingi zikitoka mikoa hii ya Kanda ya Ziwa. Viungo vyao vilitafutwa kwa imani kwamba vinaleta utajiri, na machimbo na uvuvi vikatajwa kila mara. Deborah Fahy Bryceson na wenzake waliandika mwaka 2010 makala inayofuatilia uhusiano kati ya uchimbaji mdogo, waganga na mauaji hayo, na nadhani wamegusa penyewe: biashara ya bahati ilikua haraka, ikawa na fedha nyingi, ikahamia kwa wateja wasiojuana na mganga wasiyemjua. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino huko Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Kutoka Segese hadi kwenye chumba hicho cha mahakama ni mwendo wa asubuhi moja.

Nimeona waandishi wakiyaweka haya yote kwenye gunia moja: chale, Bayeye, samba, mauaji, na juu ya gunia wakaandika "imani potofu". Mimi nakataa. Si kwa kutetea waganga, maana wapo waliokuwa ndani ya damu hiyo. Ni kwa sababu gunia hilo linaficha kosa lenyewe. Aliyechanjwa na rafiki, aliyechanjwa lukago, hata mwenye duara mwenye vijistari vyake, amelipa kwa mwili wake. Maumivu ni yake na kovu ni lake. Mauaji yalianza pale mtu alipotaka bahati aipate yeye na mwili ukatwe wa mwingine, mtoto asiye na uwezo wa kukataa. Ukisema vyote ni "mila" umempa muuaji ukoo asiokuwa nao.

Serikali ilitumia gunia. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 likaja katazo jingine dhidi ya wapiga ramli. Wakati huohuo ilikuwapo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inayowatambua na kuwasajili. Mganga wa mitishamba wa kijijini alijikuta halali kwenye sheria na haramu kwenye redio, katika wiki moja.

UKIMWI ulikuwa umekwisha kubadilisha wembe kabla ya hapo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, majirani tu, na ujumbe wa kutochangia nyembe ukafika hata kwa wasiosikiliza kitu kingine. Ukienda kwa mganga, nenda na wembe wako mpya kwenye karatasi yake. Ni mabadiliko madogo ambayo sijaona mtu ameyaandikia kitabu: dawa ileile, mkono uleule, ila chuma ni cha mteja.

Na UKIMWI huohuo ndio ulioleta kisa kinachonichekesha kidogo. Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa kwa asili hawakuwa na jando. Pwani iliwacheka kwa hilo karne nzima, na makabila yanayotahiri yaliwaona watoto wakubwa. Katika shule za bweni, jeshini na machimboni, kijana wa Kisukuma aliyeoga na wenzake alirudi bwenini na uamuzi. Utafiti uliofanywa kaskazini magharibi mwa nchi na kuchapishwa 2001 uliona kwamba tohara ilikuwa inaongezeka yenyewe, hasa kwa waliosoma na wa mijini, ikiwa haina tena kabila. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Kisha majaribio ya Orange Farm, Kisumu na Rakai yakaonyesha kwamba tohara inapunguza kwa takribani asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na ndani ya miaka michache mahema ya tohara bila malipo yakawa yanasimamishwa Shinyanga na Geita.

Fikiria mzee wa Segese. Amezaliwa akiambiwa na shule kwamba kukatana miili ni ushamba. Ameona leseni za waganga zikifutwa. Halafu gari la serikali linapita na kipaza sauti likiwaita wajukuu zake wakakatwe, bure, na ni kwa faida yao. Alikuwa na haki ya kuuliza maswali. Lakini wengi hawakuuliza sana, wakaenda, na sidhani ni kwa sababu ya bure tu. Watu hawa walishajua kwa vizazi kwamba mkato mdogo unaweza kuzuia kifo kikubwa. Hapo daktari alikuta shamba limeshalimwa, ingawa hakumshukuru aliyelilima.

Leo vijana wa mjini Kahama wana tatuu. Jina la mama mkononi, nyota shingoni, simba begani. Wazazi wanaguna, na si kwa sababu ni alama, maana wao wenyewe wana zao chini ya shati. Wanaguna kwa sababu haina kazi: haikukingi na nyoka, haikuleti mteja, haisemi wewe ni wa nani. Pengine hilo la mwisho si kweli. Jina la mama linasema.

Kila msimu wa ajira, jeshi la polisi na uhamiaji hutoa matangazo, na miongoni mwa sifa za mwombaji kuna ile isiyobadilika: asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kijana wa Msalala mwenye cheti cha kidato cha nne na cha JKT anavua shati mbele ya mkaguzi. Begani ana kovu la chanjo ya kifua kikuu, la duara, kama kila Mtanzania. Juu ya kifundo cha mkono ana vijistari vitatu vyeusi ambavyo bibi yake alivisimamia alipokuwa na degedege. Mkaguzi anavitazama vyote viwili, anashika kalamu. Kwenye tangazo hakuna neno chale.